Kabla Hujalipa Milioni kwa Mashimo Kumi na Nane

Chukua kalamu na karatasi. Andika pauni 320. Hiyo ndiyo ada aliyotozwa mgeni mwaka 2024, miezi ya msimu, kwa raundi moja ya gofu kwenye Old Course ya St Andrews, Scotland. Igeuze iwe shilingi za Tanzania, inapita milioni moja. Igeuze iwe za Kenya, inapita elfu hamsini. Sasa igawe kwa mikwaju. Mchezaji hodari anayemaliza kwa mikwaju 72 amelipa kama pauni nne na nusu kila fimbo yake inapogusa mpira. Anayemaliza kwa 110 amelipa chini ya pauni tatu. Maana yake kadiri unavyocheza vibaya ndivyo mkwaju unavyoshuka bei, na bwana wa mikwaju 150 ndiye aliyefanya biashara nzuri kuliko wote.

Hesabu hii hupigwa sana barazani mwa klabu zetu, jioni, glovu zikiwa zimeanikwa juu ya mifuko ya fimbo, na kila mara watu hucheka. Nami hucheka nao, maana inachekesha kweli. Kisha mmoja husema, "Wenzetu wametuweza," mwingine humjibu, "Ukifa huendi nazo, lipa ucheze," na mazungumzo huishia hapo. Naona si vizuri yakiishia hapo. Ninaupenda mchezo huu, na nimewaona wawili wakiumizwa na swali la kama inafaa kulipa ada ya namna hii, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alilipa akarudi na majuto. Mwingine alikuwa na uwezo, akasitasita miaka kumi, magoti yakamkatalia kabla hajaenda. Mwongozo huu ni kwa ajili yao wote wawili.

Jibu langu ni ndiyo, inafaa. Lakini si kila mahali, wala si kwa kila mtu, wala si mwaka huu ikiwa hujajiandaa.

Uliza pesa inakwenda kumlisha nani

Wengi huanza kwa kuuliza uwanja una nini. Nyasi za aina gani, bahari iko upande upi, nani aliwahi kushinda pale. Wewe anza na swali ambalo tumezoea kujiuliza tukiletewa kadi ya mchango wa harusi. Ukipewa kadi, hutazami kiasi peke yake. Unatazama kamati ni ya akina nani, ukumbi ni upi, nani atakula. Ukijua pesa yako ndiyo itakayopika pilau ya mtaa mzima, unatoa hata kwa kujinyima. Ukijua itaishia kwenye gari la kukodi la bwana harusi, unapata safari ya ghafla siku hiyo hiyo.

St Andrews ni pilau ya mtaa mzima. Mwaka 1552 hati ya Askofu Mkuu John Hamilton ilimpa yeye ruhusa ya kufuga sungura kwenye ile ardhi ya mchanga iliyo kando ya bahari, na papo hapo ikathibitisha haki ya wenyeji kuitumia kwa gofu, kwa mpira na kwa michezo yao mingine. Sungura hao wana kisa chao. Mwishoni mwa karne ya 18 halmashauri ya mji iliishiwa fedha ikaiachia ardhi wafugaji wa sungura, na kwa zaidi ya miaka 20 wachezaji na wafugaji wakagombana na kushtakiana, mashimo ya sungura yakishindana na mashimo ya gofu, mpaka mwaka 1821 James Cheape, mwenye shamba la jirani na mpenzi wa mchezo, alipoinunua ardhi hiyo na kuiokoa. Watu waliogombania uwanja kiasi hicho hawakukubali ubaki wa bwana mmoja milele. Leo viwanja saba vya pale, Old Course ikiwa mmoja wao tu, vinasimamiwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Mkazi wa mji hununua tiketi ya mwaka kwa pauni mia chache, kisha hucheza mwaka mzima. Mgeni ndiye anayebeba sehemu kubwa ya mzigo. Ukilipa zile pauni 320 unamlipia mwalimu mstaafu na kijana wa sekondari, ambao kesho watasimama pale pale uliposimama wewe, kwa bei wanayoimudu.

Mimi naiona hiyo kuwa sababu ya kwanza ya kulipa, na inatangulia historia na mandhari. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo mchezo unaosifika kuwa wa matajiri umefanywa kuwa haki ya mkazi, kama kisima cha kijiji.

Marekani nako kuna mifano inayokaribia hapo. Bethpage Black, nje ya jiji la New York, iko ndani ya hifadhi ya jimbo. Ilifunguliwa mwaka 1936, kipindi cha mdororo mkubwa wa uchumi, na kuijenga kuliwapa watu kazi. Mwaka 2002 ilipokea US Open, mashindano ambayo kabla ya hapo yalizoea viwanja vya watu wenye hela zao. Mkazi wa jimbo la New York hulipa pungufu ya anacholipa mtu wa nje, na kuna watu hulala ndani ya magari yao kwenye maegesho usiku kucha ili wapate nafasi alfajiri. Hakuna vigari vya kubebea wachezaji, unatembea mwenyewe. Na kabla hujaanza, kuna bango linalokuonya kwamba uwanja ni mgumu mno na unawafaa wachezaji waliobobea. Torrey Pines ya San Diego, ambako Tiger Woods alishinda US Open ya mwaka 2008 akiwa na mguu uliovunjika, ni mali ya jiji, na mkazi hulipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Ukiwa mgeni wa viwanja kama hivi, lipa bila kinyongo.

Sasa linganisha na Shadow Creek ya Las Vegas. Kilichofanyika pale kinastaajabisha: jangwa tambarare lilichimbwa, likapandwa maelfu ya miti na kutiwa vijito, chini ya mbunifu Tom Fazio, likafunguliwa mwaka 1989. Ada imepita dola 1,000, na ili upate nafasi ni lazima uwe mgeni wa hoteli za kampuni inayoumiliki. Sina ugomvi na uzuri wa nyasi zake. Lakini bei ile haimbebi mtu yeyote. Kazi yake ni ile ya geti na mlinzi, na anayeilipa ananunua kule kuwa ndani wakati wengine wako nje. Ukiniuliza mimi, pita.

Pebble Beach ya California iko katikati, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Ufuko ule ni mzuri mno. Shimo la 7 ni fupi kiasi kwamba mtoto mwenye nguvu anaweza kulifikia, na bado upepo wa Pasifiki humfanya bingwa abadilishe fimbo mara tatu kabla ya kupiga. Mtu yeyote anaweza kucheza, ndiyo. Lakini mwaka 2024 ada ilifika dola 675, na asiyelala kwenye hoteli za pale husubiri mpaka siku moja kabla ndipo ajue kama kuna nafasi iliyobaki. Ushauri wangu ni huu: nenda kilomita chache tu hadi Pacific Grove, uwanja wa manispaa. Mashimo tisa ya mwisho ya pale yalichorwa na Jack Neville, yule yule aliyeichora Pebble Beach pamoja na Douglas Grant kabla haijafunguliwa mwaka 1919. Bahari ni ile ile, mkono ni ule ule, na bei haitakutoa machozi.

Augusta National, ya mashindano ya Masters, hainihusu hapa. Haiuzi raundi kwa mpita njia kwa bei yoyote, kwa hiyo mfuko wako uko salama.

Beba hadithi kabla ya kubeba fimbo

Mwaka 1946 Sam Snead, bingwa kutoka Marekani, alikuwa kwenye treni akiikaribia St Andrews. Akatazama dirishani, akaona ardhi yenye nundu na vichaka, akauliza huo ni uwanja gani uliotelekezwa. Ulikuwa Old Course. Siku chache baadaye alishinda mashindano ya The Open pale pale, lakini alichokiona dirishani ndicho atakachokiona kila mgeni asiyejiandaa. Hakuna maporomoko ya maji. Hakuna maua. Kuna uwanda, upepo, mabunka 112 ambayo mengi huyaoni mpaka mpira wako umeshadumbukia, na grini kubwa ajabu zinazotumiwa na mashimo mawili kwa pamoja. Aliyekwenda kutafuta bustani atajuta. Aliyekwenda na hadithi kichwani atatembea kama mtu aliyeingia nyumba ya babu yake.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, jipime hivi. Mchukue mtu asiyejua gofu, shangazi yako kwa mfano, umsimulie shimo la 17. Akikuuliza, "Ikawaje?" uko tayari. Akikuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, subiri mwaka mwingine.

Mimi ningemsimulia hivi. Shimo la 17 huitwa la barabarani. Unaanza kwa kupiga mpira juu ya kona ya mabanda ya hoteli, bila kuona unakotua. Ukivuka, grini inakungoja mbele, nyembamba, imekaa kimshazari. Mbele yake kuna bunka lenye kuta kama za kisima, nyuma yake kuna barabara ya kweli, na ng'ambo ya barabara ukuta wa mawe. Mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani aliufikisha mpira kwenye grini kwa mikwaju miwili tu, akiwa bado anawania taji. Akausukuma kuelekea shimoni, ukapinda, ukateremka ndani ya bunka. Akapiga, ukarudi. Akapiga tena. Alipomaliza alikuwa na mikwaju tisa, na hadi leo mchanga ule watu huuita kwa jina lake.

Mwaka huo huo wa 1978, kijana wa Kihispania wa miaka 20 alikuwa Nairobi, akishinda Kenya Open kwenye uwanja wa Muthaiga. Jina lake Seve Ballesteros. Miaka sita baadaye kijana yule alikuwa St Andrews, siku ya mwisho ya The Open, akifungana na Tom Watson, Mmarekani aliyekuwa ameshalitwaa taji mara tano. Shimo la 17 lilikuwa limemwadhibu Seve siku tatu mfululizo. Siku ya nne akalipita salama, akaenda shimo la 18, akausukuma mpira. Ukafika ukingoni, ukasita kana kwamba unafikiria, ukaingia. Akaruka akipiga ngumi hewani, tena na tena, uso umejaa mwanga. Wakati huo Watson alikuwa nyuma yake kwenye 17. Mpira wake ulivuka grini, ukavuka barabara, ukalala karibu na ukuta wa mawe. Yakaisha hapo.

Mchezaji wa Nairobi anayezijua nyasi za Muthaiga ana haki ya kusimama kwenye grini ile ya 18 akasema, huyu alipita kwetu kwanza. Kumbukumbu hiyo hailipiwi pauni hata moja, nayo huipa thamani kila pauni utakayolipa.

Mwongeze bingwa Bobby Jones. Mwaka 1921, akiwa kijana wa miaka 19 mwenye hasira za karibu, aliteseka kwenye shimo la 11 akaacha kuhesabu na kujiondoa. Uwanja ule aliuchukia. Mwaka 1927 akarudi na kushinda The Open pale pale. Mwaka 1958, akiwa mgonjwa anayetembea kwa shida, mji ukampa heshima ya uraia wake, na leo shimo la 10 linaitwa kwa jina lake. Ukiijua safari ya mtu huyo, kutoka kuuchukia uwanja hadi kuulilia, hutashtuka mashimo tisa ya kwanza yakikukasirisha. Utavumilia. Na kuvumilia ndiyo raundi yenyewe.

Piga hesabu yote

Ada ni mlango tu. Nyuma ya mlango kuna mambo ambayo mawakala hawayatangulizi.

Mwaka 2024 visa ya kutembelea Uingereza ilikuwa pauni 115, kabla ya nauli ya ndege. St Andrews haina stesheni ya treni tangu mwaka 1969, kwa hiyo unashuka Leuchars na kupanda basi. Mji ni mdogo, na malazi msimu wa kiangazi hupanda bei. Lala Dundee, au kwenye vijiji vya jirani. Kedi ni hiari, hulipwa kando pamoja na bakshishi, na kama kuna mahali pa kubana matumizi si hapo. Kwenye uwanja ambao nusu ya hatari huzioni, kedi ndiye macho yako. Sisi tuliolelewa na makedi wa kwetu tunalijua hilo bila kuambiwa.

Kuipata nafasi ni habari nyingine. Njia ya haki ni kura. Mko wawili hadi wanne, kila mmoja ana handikapu inayotambulika isiyozidi 36, mnaandikisha majina kabla ya saa nane mchana, siku mbili kabla ya siku mnayotaka kucheza, kisha mnangoja. Kura haijali wewe ni waziri au dereva wa daladala. Njia ya pili ni kununua kupitia kampuni za safari zilizopewa nafasi za uhakika. Hizo hufunga nafasi yako pamoja na hoteli na raundi nyingine, na bei ya jumla huruka mbali sana na zile pauni 320. Mimi nakushauri uchukue kura, ukae siku nne au tano, na ucheze viwanja vya jirani wakati unangoja. New Course, licha ya jina lake, ni ya mwaka 1895, ilitengenezwa na Old Tom Morris, mtunzaji wa zamani wa Old Course, iko ubavuni mwa Old Course, mchanga ule ule na upepo ule ule, kwa bei nafuu zaidi. Kama una mtoto au mwenzi asiyecheza, kuna uwanja wa kusukuma mipira wenye vilima vilima, wenyeji huuita Himalayas, unaotunzwa na klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1867. Ni pauni chache tu kwa kichwa. Nimewaona watu wakifurahi pale kuliko wanaume wanne wenye fimbo za bei mbaya niliowapita shimo la kwanza.

Ukienda majira ya baridi ada hushuka sana, ila utapewa kipande cha mkeka, na kwenye njia ya nyasi fupi utapiga mpira kutoka juu ya mkeka huo ili nyasi zipumzike. Wengine hawajali. Mimi ningejali. Mtu aliyetoka Dodoma kuja kugusa ardhi ile asiitenganishe na mkeka.

Jambo moja zaidi, na hili limenigharimu. Niliwahi kulipia ada kamili kwenye uwanja wenye jina kubwa, nikafika nikakuta grini zote zimetobolewa matundu na kumwagiwa mchanga. Kazi hiyo ni ya lazima. Bila kutoboa, udongo hushikamana, hewa na maji havipiti, nyasi hufa. Lakini kwa wiki moja au mbili mpira hurukaruka kama bisi kwenye sufuria. Hakuna aliyenitaarifu nilipokuwa ninalipa, wala hakuna aliyepunguza hata senti. Juu ya hayo wachezaji walipangwa kwa dakika chache mno kati ya kundi na kundi, na raundi ikachukua karibu saa sita. Nilirudi nimeudhika, na bado ninaamini ni kosa kubwa kumchukulia mtu akiba ya mwaka halafu kumficha hali ya uwanja. Kwa hiyo andika barua pepe kabla ya kulipa. Uliza mambo mawili: grini zitatobolewa lini, na makundi hupishana kwa dakika ngapi. Ukijibiwa kwa maneno ya kuzunguka, hilo nalo ni jibu.

Maliza kwenu kwanza

Huwa nawauliza wanaopanga kwenda Scotland: umecheza Mombasa Golf Club, mashimo tisa yaliyokaa ukingoni mwa bahari, meli zikiingia Kilindini mbele ya macho yako? Umecheza Jinja, ambako kanuni ya uwanja iliyosifika ilimruhusu mchezaji kuutoa mpira wake ukiangukia kwenye nyayo za kiboko? Umecheza Arusha ukiwa na Meru mbele yako? Wengi hunijibu hapana. Wanaijua picha ya daraja la Swilcan la Old Course kuliko wanavyojua uwanja ulio saa tano kwa basi kutoka nyumbani kwao.

Siwalaumu kwa kuota. Ninachosema ni kwamba viwanja vyetu ndivyo vitakavyokufundisha kuuona ule. Wazee waliocheza kwenye braun, zile grini za mchanga uliochanganywa na mafuta, ambazo kijana alikuwa akizisawazisha kwa mkeka kabla hujasukuma, waliujua ugumu wa ardhi kavu inayorusha mpira. Old Course wakati wa kiangazi ni ardhi ya namna hiyo. Mpira unatua na kukimbia, na anayejua kuukimbiza chini chini atawashinda wanaojua kuurusha juu. Mzee mmoja wa klabu yetu aliwahi kuniambia, "Mwanangu, aliyelelewa kwenye braun hatishwi na St Andrews." Nilipofika niliona alisema kweli.

Na hapa lazima niseme jambo zito. Viwanja vyetu vingi vya mjini vilianza kama klabu za wakoloni, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa kedi, mfuko wa mtu begani. Kutokana na makedi hao tumepata wachezaji wetu bora. Leo geti limefunguliwa kwa rangi zote, lakini bei inaanza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na rangi. Mtoto wa kedi anauona mchezo kila siku ya maisha yake asiweze kuulipia. Mji wa wavuvi na wasomi kule Scotland umeweza kuamua kwamba mgeni alipe zaidi ili mtoto wa pale acheze. Sioni kwa nini sisi tushindwe. Kwa hiyo, kama umefaulu kuweka akiba ya milioni kadhaa kwa ajili ya raundi moja ya ughaibuni, fanya hivi kabla hujakata tiketi: mwendee katibu wa klabu yako, uulize ada ya mwaka ya mchezaji chipukizi, umlipie mmoja. Usiite sadaka. Ndiyo ile kadi ya mchango, safari hii imeandikwa jina la mtaa wako.

Fika Jumapili

Hili ndilo jambo la mwisho, na kama utasahau mengine yote, likumbuke hili. Jumapili Old Course haichezwi, ukiacha zile chache za mashindano makubwa. Husimuliwa kwamba Old Tom Morris, aliyeutunza uwanja ule kwa karibu miaka 40, ndiye aliyeshikilia kwamba hata kama wachezaji hawahitaji kupumzika, uwanja unahitaji. Siku hiyo hugeuka bustani ya watu. Hulipi kitu. Kwa hiyo kama unachotaka ni picha ya darajani, tayari nimekuokolea milioni moja.

Mimi nilifika Jumapili ya Juni, pamoja na binamu yangu ambaye ni muuguzi Glasgow na alianza gofu huko huko. Mchana tulikuwa tumeandikisha majina yetu kwenye kura ya Jumanne. Tukaanza kutembea kutoka shimo la 18 kurudi nyuma. Kuna njia ya umma, Grannie Clark's Wynd, inayokata katikati ya shimo la 1 na la 18, na mama mmoja alikuwa akisukuma gari la mtoto akipita taratibu, mahali ambapo siku ya fainali mabingwa hupita jasho likiwatoka. Mbwa walikuwa wakifukuzana kwenye nyasi ambazo Seve alirukia. Familia moja ilikuwa imetandika shuka inakula mikate. Pale kwenye grini ya 17 tukaufuata ukuta wa mawe, tukauwekea mkono. Ulikuwa wa baridi, mkwaruzo kama matumbawe ya nyumba za Pwani.

"Kaka," binamu yangu akaniuliza, "pauni mia tatu na ishirini, na wewe umeshauona bure. Bado unataka?"

Nikamwonyesha mzee aliyekuwa akitembea na mjukuu wake, akimwelekeza kwa fimbo ya kutembelea jinsi mpira unavyopaswa kuingia kwenye grini kutoka kushoto, siyo kulia. Yule mtoto alisimama, akaigiza mkwaju kwa mikono mitupu, akausindikiza kwa macho mpira usiokuwapo hadi ukatulia. Kisha wakaendelea kuelekea mjini wakibishana.

Jioni matokeo ya kura yakatoka. Majina yetu yalikuwamo, Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nikatoa kadi, nikalipa.